Mita Kumi na Moja

Nilikuwa tarishi wa posta kisiwani Hiiumaa,
miaka thelathini na mmoja juu ya baiskeli ya njano.
Nilijua kila mlango, kila mbwa na jina lake,
nani hupokea barua zenye muhuri wa mahakama,
nani hunitazama mikono kabla ya uso.
Kazi yangu ilikuwa kufika.
Njia niliijua kwa mashimo yake tu.

Sasa nimestaafu, na Uku, mjukuu wangu,
amenivuta kwenye mchezo wake:
mtu usiyemjua ameficha kisanduku
mahali usipopajua,
akakuachia nambari za latitudo na longitudo
na fumbo la mstari mmoja:
*Niko penye kiti kisicho na mkaaji.*
Barua isiyo na jina la mpokeaji, nikamwambia.
"Bibi," akasema, "mpokeaji ni yule anayefika."

Tukatoka saa tatu asubuhi
na mkate mweusi, samaki wa moshi ndani ya gazeti,
na simu yenye mshale mwekundu
unaozunguka kama kuku aliyepotewa na yai.

Kilomita nne, ulisema mshale.
Mshale haujui kinamasi.
Tulipita ubao baada ya ubao,
maji chini yetu meusi kama chai iliyosahauliwa,
mpaka Uku akapiga magoti:
kijimea chekundu, si kikubwa kuliko kifungo cha shati,
kimemkumbatia mbu kwa matone ya gundi.
Dakika ishirini tulitazama mbu akiliwa.
Dakika ishirini!
Enzi zangu ningekuwa nimeshamaliza vijiji viwili.

Mwenda pole hajikwai, husema watu.
Mimi nilijikwaa mara tatu kabla ya malisho,
na mara ya tatu, nilipoinua kichwa,
kulikuwa na beseni la kuogea lenye miguu ya simba
katikati ya nyasi,
na ng'ombe mmoja akinywa humo taratibu,
kama mgeni wa hoteli
asiyetaka kuonekana ana kiu.

Kisha nyumba ya Hilja Tammsalu.
Pensheni yake niliileta kila mwezi,
sahihi hapa, asante, kwaheri.
Sikuwahi kuzunguka nyuma.
Nyuma kuna mitofaa saba,
na matawini amening'iniza vijiko,
mamia, vya bati, vya shaba, vilivyopinda,
kuwatisha ndege;
upepo ukipita, bustani nzima
husikika kama harusi inakunywa supu.
Alitukuta tumeachama midomo.
"Umeniletea nini?"
"Leo sijaleta kitu."
"Basi ingieni."

Miaka thelathini na mmoja
sikuwahi kulisikia neno hilo la mwisho.

Mkate wetu tuliulia kwake, kwa siagi yake.
Akampa Uku kijiko kimoja
cha kuacha kwenye kisanduku,
maana ndiyo kanuni: ukichukua, weka.

Ufukweni, kati ya mireteni,
kiti cha chuma cha trekta juu ya jiwe,
kimeshika kutu, kimeelekea baharini.
Mita kumi na moja, ikasema simu.
Tukapekua mizizi, tukainua mawe,
tukatia mikono kwenye mashimo yenye siafu.
Mita kumi na moja.
Tukahama; kumi na moja.
Mvua ikaja, nyembamba, ya pembeni.

Uku akakaa kitini, miguu ikining'inia.
Nilimsubiri alie.
"Bibi, hesabu wale," akasema,
na kweli, kwenye mabua ya shamba lililovunwa nyuma yangu
korongo kumi na wanne walikuwa wakirukaruka,
mabawa wazi, hakuna anayemtazama mwenzake,
kila mmoja na ngoma yake kichwani.

Usiku aliandika kwenye simu: *Hatukukipata.*
Akafuta. Akaandika tena vilevile,
kwa kuwa ndiyo kweli.
"Jumamosi turudi?"
Turudi. Kwa njia ya kaskazini,
ile ambayo sikuwahi kuwa na barua ya kuipeleka.

Kijiko kiko mfukoni mwa koti langu.
Nikitembea kinagonga ufunguo wa nyumba.
Sijakitoa.